Nikisema mimi si kitu, Mungu anasikia nini?

Barua za mwezi huu nyingi zimegusa jambo moja: msomaji anaposali, ajitazameje? Wengine wanajitukana mbele za Mungu wakidhani ndiko kunyenyekea, wengine wanajichunguza hadi usingizi unawapotea, na wengine wanasifiwa na hawajui sifa hizo waziweke wapi. Tumechagua barua saba. Majina na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu tumeyaondoa.

Bwana Yesu asifiwe. Kila ninapoanza maombi najiambia mbele za Mungu kwamba mimi ni takataka, ni mavumbi, sistahili chochote. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi. Siku hizi naondoka kwenye maombi nikiwa mzito kuliko nilivyoingia, na mara nyingine naogopa hata kuanza. Dada yangu anasema nisiache, huo ndio unyenyekevu. Ni kweli? (Mama wa watoto wanne, Iringa)

Amina, mama. Fungua Luka 18, mstari wa 13, uyahesabu maneno ya yule mtoza ushuru hekaluni: “Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.” Ni maneno saba. Mawili ya kwanza yanamwita Mungu, mawili yanayofuata yanaomba kitu, na matatu tu ya mwisho yanamhusu yeye mwenyewe. Hakubaki kwenye ubaya wake. Aliutaja, akauweka mikononi mwa mwenye uwezo wa kuusamehe, na Yesu anasema alirudi nyumbani amehesabiwa haki.

Sasa mtazame Farisayo. Watu humwona mwongo, ilhali katika aliyoyasema juu yake mwenyewe hatuambiwi kwamba alidanganya. Alifunga mara mbili kwa juma, wakati siku ya kufunga iliyoamriwa katika Torati ni moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho, iliyo katika Walawi 16. Alitoa zaka ya mapato yake yote. Kasoro zake ni mbili. Alijipima kwa mtu aliyesimama nyuma yake badala ya kujipima mbele za Mungu, na hakuomba kitu chochote. Soma sala yake mwanzo hadi mwisho, hutakuta ombi hata moja. Baada ya kulitaja jina la Mungu, ni habari zake tu.

Na hapa, mama, tunakuomba uipime sala yako kwa kipimo hicho. Ukisali dakika kumi, nane ukajisema jinsi ulivyo duni, sala hiyo bado ni habari zako. Ni ya Farisayo iliyogeuzwa nguo, ndani nje. Ndiyo maana unatoka mzito: umeshinda na nafsi yako, na Mungu hujamtazama.

Tena neno “takataka” si kweli. Mwanzo 1:27 inasema umeumbwa kwa mfano wa Mungu. Takataka haiwezi kutubu, haiwezi kusamehewa, inatupwa tu. Mtu anayetubu ana thamani hata kabla hajafungua kinywa. Teresa wa Ávila, mtawa Mkarmeli wa Hispania aliyefariki mwaka 1582, aliufafanua unyenyekevu kuwa ni kutembea katika kweli. Ukijipandisha unatoka kwenye kweli, na ukijishusha chini ya ulivyo unatoka kwenye kweli vilevile. Yeye huyohuyo alisisitiza sana mtu ajijue, lakini akatoa mfano wa nyuki: hutengeneza asali ndani ya mzinga, ila asipotoka kwenda kwenye maua hakuna asali. Roho inayokaa tu ikijitazama inakauka. Inabidi itoke ikautazame ukuu wa Mungu, na huko ndiko inakoujua udogo wake vizuri zaidi.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kwa urahisi. Matusi ya jumla huficha dhambi halisi. Ni rahisi mno kusema “Bwana, mimi ni mwovu kabisa kabisa.” Ni vigumu kusema “Bwana, jana saa ya chakula nilimjibu mama mkwe kwa dharau, watoto wakisikia, na nilifurahi alipokaa kimya.” Sentensi ya kwanza haigharimu kitu. Ya pili inachoma, na ndiyo inayokupeleka asubuhi kwa mama mkwe.

Kwa hiyo kwa mwezi mmoja badilisha mpangilio. Dakika tatu za mwanzo usijitaje kabisa: soma Zaburi ya 103 au tukio moja la Injili, polepole, ukimtazama Mungu alivyo. Kisha sema sentensi moja ya kweli juu yako, yenye kosa lenye jina. Kisha omba. Kisha shukuru kwa jambo moja jema ulilotenda siku hiyo, ulitaje bila haya, kwa maana nalo ni kweli na limetoka kwake. Kushukuru kwa jema lako kutakushinda mwanzoni kuliko kuungama. Vumilia.

Utatuuliza, mbona mwenye Zaburi ya 22 alisema “mimi ni mdudu wala si mtu”? Alisema, akiwa amezungukwa na wanaomcheka. Ila endelea kusoma: mistari michache mbele anakumbuka kwamba Mungu ndiye aliyemtoa tumboni mwa mama yake. Hakuishia kwenye mdudu.

Nataka kuchunguza dhamiri kila jioni kama tulivyofundishwa kwenye mafundisho ya kipaimara, lakini nikianza nasinzia au nawaza ya kesho. Naomba hatua zake. (Mwalimu, Bukoba)

Kusinzia kwanza. Usifanyie kitandani, wala usingoje hadi taa zimezimwa. Fanya baada ya chakula cha jioni, umeketi kwenye kiti kisicho na mto, mgongo umenyooka. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, na ukizidisha utaanza kujichimba.

Mpangilio unaotumika zaidi ni wa Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, wenye hatua tano. Unamshukuru Mungu kwa mema uliyopokea. Unaomba neema ya kuzijua dhambi zako na kuzitupa. Unaipitia siku saa kwa saa tangu ulipoamka: kwanza mawazo, kisha maneno, kisha matendo. Unaomba msamaha. Unakusudia kujirekebisha kwa msaada wa neema yake, na unafunga kwa Baba Yetu.

Wengi huharibu kwa kuruka ya kwanza na ya pili. Wakishaketi tu wanaanza kuwinda makosa. Shukrani imetangulizwa kwa sababu macho yaliyokwisha kuona wema wa Mungu huona dhambi bila hofu. Ombi la neema nalo si pambo. Ni kukiri kwamba peke yako hujijui. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na hakuna binadamu aliyetengwa katika methali hiyo.

Katika hatua ya tatu usitafute “dhambi” kwa jumla. Tembea mahali kwa mahali: ulipoamka, njiani, ofisi ya walimu, darasa la kwanza la asubuhi, mapumziko, sokoni, mezani nyumbani. Kila mahali jiulize ni nani alikuwepo na moyo wako ulifanya nini. Sikiliza neno moja la hatari: “kwa sababu yeye”. Mara tu unapojisikia ukisema “nilimfokea kwa sababu yeye alichelewa”, uchunguzi wako umehama, sasa unamchunguza mwanafunzi. Rudi. Kosa lake lipo, lakini leo jioni si zamu yake.

Kusudio la mwisho liwe dogo na liwe na saa. “Nitakuwa mpole” halifiki asubuhi. “Kesho kipindi cha tatu, akichelewa tena, nitamwacha akae kwanza ndipo nimuulize” litafika.

Ukishazoea, baada ya mwezi hivi, chukua kosa moja tu, lile linalorudi, ulifuate kwa daftari. Njia hii nayo ni ya Inyasi. Asubuhi ukiamka unakusudia kujilinda na kosa hilo. Baada ya chakula cha mchana unapitia saa zilizopita na kuweka nukta kwa kila mara ulipoanguka, katika mstari wa kwanza wa siku. Baada ya chakula cha jioni unafanya hivyohivyo katika mstari wa pili. Kila siku ina mistari miwili, kwa hiyo juma zima lina mistari kumi na minne. Jioni unalinganisha mstari wa pili na wa kwanza, kesho yake siku na siku, mwisho wa juma unalinganisha juma na juma. Katika mchoro wake mistari inazidi kuwa mifupi kadiri juma linavyosonga, kwa matumaini kwamba nukta nazo zitapungua.

Na hapohapo unapoanguka, mchana katikati ya watu, unaweka mkono kifuani na kujuta. Hakuna atakayejua. Utaonekana kama mtu anayeweka sawa kola ya shati.

Juma la kwanza nukta mara nyingi huongezeka. Usitishike ukafunga daftari. Zilikuwepo, ulikuwa huzihesabu. Andika nukta tupu bila maelezo, ili hata mtu akiliokota daftari asipate cha kusoma.

Tumsifu Yesu Kristo. Nina miaka 23. Dhambi moja nimeiungama mara nne, kwa mapadre watatu tofauti, kwa kuwa kila nikitoka naona sikueleza vizuri. Rozari nikikosea neno naanza upya. (Kijana, Mombasa)

Milele amina, kijana wetu. Huu si unyenyekevu mkubwa kuliko wa wengine, ingawa unajisikia hivyo. Ni wasiwasi wa dhamiri, na una historia ndefu. Inyasi tuliyemtaja uliwahi kumshika huko Manresa, Hispania, baada ya kuongoka kwake, mwaka 1522, kwa ukali ambao nusura umwue. Alirudia maungamo tena na tena bila kupata amani. Ndiyo maana baadaye aliandika juu yake kwa uangalifu.

Anatofautisha mambo mawili. Mtu akikanyaga kwa bahati vijiti viwili vya nyasi vilivyolala mfano wa msalaba, akasema ametenda dhambi, huyo amekosea hukumu tu. Asahihishwe, basi. Lakini akikanyaga, halafu likaja wazo kwamba ametenda dhambi, na papo hapo anaona hakutenda, akabaki anayumba kati ya ndiyo na hapana, huo ndio wasiwasi wenyewe. Kisha anatoa kanuni ambayo tunataka uishike: mwovu huitazama roho kama ni ngumu au ni laini. Ngumu huizidishia ugumu, laini huizidishia ulaini hadi ivunjike. Dawa ni kuvuta upande wa pili. Mwenye dhamiri nzito aongeze uchunguzi. Wewe upunguze.

Kwa vitendo: chagua padre mmoja, mweleze tatizo lenyewe la kurudia na si dhambi ile, na umtii akikuambia usiitaje tena. Utii huo ndio unyenyekevu unaotakiwa kwako sasa, kwa maana unakubali kwamba hukumu ya mwingine juu yako ni sahihi kuliko yako. Hatua zile tano tulizomwandikia mwalimu usizifuate, wala lile daftari usiliguse. Shukuru kwa mambo matatu, sema “unihurumie”, lala. Rozari ukikosea neno endelea mbele. Mama Maria si mtahini. Shika 1 Yohane 3:20, kwamba mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote.

Ikiwa kurudia huko kumeingia hata katika kunawa mikono, kufunga mlango, kuhesabu, au usingizi na hamu ya kula vimetoweka, au umefikia kuwaza kufa, nenda hospitali kwenye kitengo cha afya ya akili mapema. Ni ugonjwa unaojulikana na una tiba. Padre na daktari hawagombani.

Kwenye kikundi chetu cha maombi naombwa niongoze karibu kila Ijumaa. Watu husema nikiomba mimi mbingu zinafunguka. Nimeanza kusikia utamu wa maneno hayo. Niache kuongoza? (Dada, Dodoma)

Usiache. Umeuona utamu huo, dada, na wengi hawauoni hadi umewalevya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwongoza maombi hulitia maji kwa njia inayotambulika: maombi yanarefuka, sauti inapanda mahali palepale kila Ijumaa, maneno yaliyowahi kuwatoa watu machozi yanarudiwa. Ukiona hayo, maji yamekwisha ingia.

Lakini kuacha kazi njema kwa kuogopa sifa ni kuzipa sifa uamuzi. Bernardo wa Clairvaux, aliyeanzisha monasteri ya Clairvaux mwaka 1115, anakumbukwa kwa jibu alilolipa wazo la majivuno lililomjia akihubiri: sikuanza kwa ajili yako, wala sitamaliza kwa ajili yako. Akaendelea. Jibu hilo ni fupi, lijibu vivyo hivyo nawe, moyoni, bila kusimama.

Mtu akikusifu sema “asante, Mungu apewe sifa,” kisha ongelea jingine. Usianze kukanusha, “mimi hapana, mimi sijui kuomba.” Kukanusha kwingi huvuta sifa nyingine mbili. Paulo aliweza kusema katika 1 Wakorintho 15:10 kwamba alifanya kazi kuliko mitume wote, na pumzi ileile akasema si yeye bali neema ya Mungu pamoja naye. Vyote viwili ni kweli na vyote alivisema.

Kagua jambo moja: dakika unazoomba peke yako umefunga mlango, kama Mathayo 6:6 inavyoagiza, zisiwe chache kuliko unazoomba mbele ya watu. Na omba mwenzako aongoze Ijumaa moja katika kila mbili. Siku atakapoomba vizuri, na watu wakalia, utazame moyo wako dakika hiyohiyo. Utajifunza juu yako mengi kuliko katika kesha la usiku mzima.

Ndugu zetu wa zamani wa uamsho walikuwa wanaungama dhambi hadharani. Leo tukifanya hivyo kunazuka fitina. Turudie au tuache? (Mzee wa kanisa, Kagera)

Shikamoo mzee. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza na watu wachache: Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walipokutana Kampala mwaka 1929, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Ukawaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Walishika 1 Yohana 1:7, kutembea nuruni. Nguvu yake haikuwa katika kusimulia dhambi. Mzungu alimwomba Mwafrika msamaha, mkubwa akamwomba mdogo, mwizi akarudisha alichoiba, kama Zakayo. Wimbo wa Kiganda wa “Tukutendereza”, yaani tunakusifu, uliitikiwa mtu akishatengeneza.

Kwa hiyo kurudia ni vema, kwa mipaka. Kanuni ya Benedikto, inayofuatwa hata leo na wamonaki wa Peramiho, Ndanda na Hanga, iliweka mpaka mzuri katika sura ya 46. Aliyeharibu kitu kazini, jikoni, ghalani au bustanini, aende mara moja akakiri mbele ya jumuiya. Lakini dhambi iliyofichika rohoni aimweleze abate, yaani mkuu wa monasteri, au wazee wa kiroho wanaojua kuponya vidonda vyao na vya wengine bila kuvianika.

Tunashauri hivi: msamaha uwe mpana kama kosa. Uliyewatukana watu mkutanoni, waombe msamaha mkutanoni. Uliyemkosea mmoja, mwendee mmoja. Linalohusu ndoa au heshima ya mtu mwingine lisitajwe hadharani kamwe, hata kwa kuficha jina, maana vijijini jina halifichiki. Ushuhuda usizidi dakika tatu, na useme kilichorudishwa au kutengenezwa. Mkimsikia ndugu anayesimulia uovu wake wa zamani kila mwaka kwa urefu zaidi na utamu zaidi, mwiteni pembeni kwa upole. Amegeuza toba kuwa nishani.

Magoti yananiuma, nasali nimekaa. Je, nakosa heshima? (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Hukosi. Benedikto huyohuyo ana ngazi ya unyenyekevu yenye vidato 12 katika sura ya 7. Cha mwisho kinamtaka mtu ainamishe kichwa popote alipo, akiwa amekaa, anatembea au amesimama, akilirudia moyoni neno la mtoza ushuru. “Amekaa” imo.

Mume wangu huniambia nina kiburi. Namwomba Mungu anionyeshe kama ni kweli, sioni kitu. Nifanyeje? (Msomaji, Nakuru)

Kwanza tuondoe jambo moja. Ikiwa neno “kiburi” hutolewa kila unapouliza fedha zimekwenda wapi, au linafuatwa na kipigo, hilo si onyo la kiroho na halitibiwi kwa wewe kujinyenyekeza zaidi. Zungumza na mtu mzima unayemwamini nje ya nyumba yenu, upesi.

Kama sivyo, basi huenda umekwisha jibiwa. Unasali Zaburi 139:23, “Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu,” ukingoja sauti, na anayeishi na wewe amekwisha sema. Ila “una kiburi” ni pana mno kufanyiwa kazi. Mwombe akupe tukio moja, la juma hili, lenye maneno uliyoyasema. Moja tu. Muulize akiwa ameshiba, hakuna wageni wala watoto karibu, na umwambie mapema kwamba hutajibu.

Kisha usijibu kweli. Jibu litakuja haraka na litakuwa zuri, lenye ushahidi. Lishike mdomoni. Liandike kwenye karatasi ukipenda, lilaze usiku tatu, ukilisoma kila jioni mbele za Mungu pamoja na lile alilosema mumeo. Usiku wa kwanza utaona amekuonea. Usiku wa tatu, chora mstari chini ya sehemu ya maneno yake ambayo ni kweli, hata kama ni robo, urudi umwambie hiyo robo, ukiacha robo tatu zake bila kuzitaja.

Tuandikie alivyopokea.